Safari ya Kikundi Kwenda Lisbon: Maswali Mnayotuuliza Kila Siku

Tangu tutangaze hii safari ya Septemba simu hailali. Kuna watu wa Mombasa, watu wa Dar, wengine wako Muscat na Toronto wanauliza kwa niaba ya mama zao, na maswali ni yaleyale, kwa hivyo nimekaa chini nikayaandika yote na majibu yake. Soma kwanza alafu ndo unipigie. Ukikuta swali lako limejibiwa kwa mistari miwili usikasirike, mengine hayana maneno mengi.

Kwani mbona Lisbon? Si twende Paris tukapige picha na ule mnara?

Paris utaenda na mumeo. Sisi tunaenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu ile hadithi tuliyosomeshwa tuko na nusu yake tu. Mtoto wa Mombasa anapelekwa Fort Jesus na shule, anaambiwa ilianza kujengwa 1593, anaambiwa Waomani waliizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaichukua 1698, anapiga picha juu ya mzinga, anarudi nyumbani na ubuyu mdomoni. Lakini hao Wareno waliojenga walitoka mji gani, mali waliyobeba huku waliipeleka wapi, ilifanyiwa nini, hapo mwalimu anasema tukapande basi. Iyo nusu nyingine iko Lisbon, na sehemu yake unaiona kwa macho, nyuma ya kioo, hatua mbili kutoka puani kwako.

Alafu tusifichane, Lisbon pia ni nafuu kuliko Paris.

Yaani tulipe pesa zetu kwenda kuwasifu waliotuchomea miji?

Hapana, na swali hili nalipenda. Wareno waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa 1505, wakiongozwa na Francisco de Almeida, na hilo hatulifichi wala hatuendi kulisamehe kwa niaba ya mtu. Tunaenda kuona. Ukifika Belém, mtaa wa hukohuko Lisbon, kwenye lile kanisa la watawa la Jerónimos utaingia mlangoni na mkono wako wa kushoto liko kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498, amechongwa kwa jiwe amelala mikono kaifumbata. Kila mtu anafanya lake pale. Wengine selfi, wengine kimya. Safari iliyopita tulikuwa na mzee mmoja wa Lamu, alisimama kama dakika mbili, akasema "haya, tumeonana", akaenda zake nje kununua maji.

Nani anaweza kuja?

Mtu mzima yeyote, na watoto kuanzia miaka 12 wakiwa na mzazi. Tunachukua watu 16 basi. Zaidi ya hapo mwongozaji anaanza kupiga kelele na walioko nyuma hawasikii kitu. Wazee karibuni sana, ila soma kwanza habari ya miguu huko chini, usinirukie.

Bei ni ngapi na inalipia nini?

Karatasi ya bei tunakutumia mwenyewe, siandiki hapa kwa sababu euro haitulii na nikiandika leo kesho kutwa utanishika shati. Kilichomo ni hoteli usiku 7, chai ya asubuhi, mwongozaji, tiketi za makumbusho zote zilizo kwenye ratiba, treni ya kwenda Sintra, chakula cha usiku mara 3, na ile kodi ya watalii ya mji, maana Lisbon inatoza euro 4 kwa kila usiku kwa kila mtu mwenye miaka 13 kwenda juu, na watu huwa wanashtuka wakidaiwa hotelini. Kisichokuwemo ni ndege, viza, bima, chakula cha mchana, na zawadi za majirani.

Kulipa mdogo mdogo inaruhusiwa. Wengi wanasubiri zamu yao ya chama au kikoba ndo wanamalizia, hakuna tatizo, bora uwe umemaliza wiki 8 kabla.

Viza mnatuombea nyinyi?

Hapa ndo penye kazi kwa hivyo vumilia. Ureno iko ndani ya Schengen, yale mataifa ya Ulaya yanayotumia viza moja, kwa hivyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza ya Schengen ya muda mfupi kwa Ureno. Sisi tunakupa barua ya kikundi, ratiba ya kila siku na bukingi ya hoteli, lakini fomu unajaza wewe na alama za vidole unaenda kutoa wewe, hakuna mtu wa kukutolea vidole. Ada ni euro 90 kuanzia miaka 12 kwenda juu, na ukinyimwa hairudi. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini usijaribu huo mwisho, majibu kwa kawaida ni siku 15 ila wanaweza kuvuta mpaka 45, na nafasi za kupeleka makaratasi wakati wa kiangazi cha Ulaya zinagombaniwa kama mchele wa msaada.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kurudi, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe inafika angalau euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani, isome kabisa hiyo namba kwenye cheti, kuna watu wanauziwa bima ya bei ya chini inakataliwa pale dirishani.

Sasa taarifa ya benki. Mtu ana elfu tano kwenye akaunti mwaka mzima, wiki moja kabla anaingiza laki saba kwa mpigo, kakopa kwa shemeji. Yule ofisa si mtoto. Bora akaunti yenye pesa ya kawaida inayoingia na kutoka miezi kadhaa, na barua ya kazini au leseni ya biashara, na kama una duka peleka hata mkataba wa pango. Anachotaka kujua ni kitu kimoja, una sababu ya kurudi?

Na sisi hatuna mtu ndani. Mtu akikwambia ana mtu ndani, huyo mtu wa ndani ni yeye mwenyewe na mfuko wake.

Mimi naishi Muscat / Toronto / Minnesota, naombea wapi?

Unaombea kule unakoishi kihalali, na kibali chako cha kuishi kiwe hai. Kama umeshapata pasipoti ya Marekani au Kanada huhitaji viza kwa safari fupi kama hii, utatukuta tu hotelini. Angalia pasipoti uliyoishika mkononi usiangalie mtaa unaokaa, kuna dada alikuja kujua hilo airport.

Nikishafika… naweza nikabaki kidogo?

Hili huwa linakuja usiku, kwa sauti ya chini, linaanza na "samahani kuna rafiki yangu". Jibu ni hapana. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandika kuingia na kutoka kwa kompyuta, wanachukua uso na vidole, kwa hivyo siku zako zikiisha mashine inajua kabla jirani hajajua. Alafu ukitoroka unawaharibia wenzio, mama mwingine wa kikundi hikihiki mwakani atakwenda na barua yetu aulizwe wale wa mwaka jana walirudi wangapi. Rafiki yako mwambie hivo.

Ndege ni ipi?

Ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, utaunganisha, wengi wanapitia Istanbul, Dubai, Amsterdam au Paris. Kila mtu akate yake au tukatie pamoja, ila mkumbuke ukipitia Amsterdam au Paris ukaguzi wa kuingia Schengen unafanyiwa pale, sio Lisbon, na foleni yake ni ndefu, usichukue ndege ya kuunganisha yenye nafasi ya saa moja.

Mwongozaji ni nani, anaongea Kiswahili?

Kwanza naomba tumwite mwongozaji. Kuna bwana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp aliandika lile neno la Kizungu vile linavyotamkwa, "gaidi wetu atatupokea airport?", simu tatu nikapigiwa usiku huo.

Tuna wawili. Mmoja ni mwenyeji wa Lisbon mwenye leseni, anaongea Kiingereza. Mwingine ni mimi, natafsiri kwa Kiswahili na kuongezea ya kwetu. Kuna siku moja pia tunatembea na mwongozaji Mwafrika wa hukohuko, anaonyesha Lisbon ya Waafrika, nitaieleza mbele.

Siku zenyewe zinakuaje?

Siku ya kwanza mnalala, ndege imewachosha. Ya pili ni Alfama, mtaa wa zamani chini ya ngome ya São Jorge, na watu wa Mombasa Mji wa Kale na wa Mji Mkongwe huko huwa wanacheka wenyewe, vichochoro vilevile, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, mama kakaa dirishani anajua nani kapita na nani. Si ajabu, Waarabu walikaa huu mji mpaka 1147 ndo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, akauteka, na jina lenyewe Alfama ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto.

Ya tatu tunashuka Baixa, katikati ya mji, kule mitaa imenyooka kama rula, na unajiuliza mbona huku hivi na kule vile. Jibu ni tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani mishumaa inawaka, tetemeko likapiga, bahari ikapanda, alafu moto ukawaka siku kadhaa. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ndo akaujenga upya, ukawa huo wa rula. Kanisa la Carmo waliliacha, mpaka leo matao yamesimama bila dari, juu ni mbingu tu. Nikiwa pale sijawahi kusikia kikundi chetu kinaongea, na hiki kikundi kinaongea.

Ya nne ni Belém na makumbusho. Ya tano Sintra, treni kutoka Rossio kama dakika 40, kasri la Pena la njano na jekundu juu ya mlima, zuri kwa picha, historia yake kwetu si kubwa, mimi hukaa kwenye benchi. Ya sita Lisbon ya Waafrika. Ya saba ni yako, tembea, nunua, lala.

Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, ratiba yetu inakwepa hiyo siku. Na majengo ya kale hufungwa kwa matengenezo, mnara wa Belém kwa mfano ulifungwa 2025 kwa ukarabati, kwa hivyo kitu kikifungwa tunakwambia mapema na tunaweka kingine, hatukupeleki ukaangalie turubai.

Hiyo habari ya dhahabu ya Kilwa ni ya kweli au mnavutia wateja?

Ni ya kweli na ndo roho ya safari yote. Julai 1502 Vasco da Gama alirudi safari ya pili, akasimamisha meli zake zenye mizinga mbele ya Kilwa, akamwambia mtawala, Amir Ibrahim, alipe ushuru kwa mfalme wa Ureno la sivyo mji unachomwa. Akalipa. Ile dhahabu ilikuwa imetoka bara, imeshuka Sofala, bandari ya huko Msumbiji, na Kilwa ndo walikuwa mabwana wa biashara hiyo. Ikabebwa mpaka Lisbon, na mfalme Manuel akampa sonara wake, Gil Vicente, amtengenezee monstransi, kile chombo Wakatoliki wanachowekea Ekaristi ikaabudiwa. Ilimalizika 1506. Leo iko kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes, wanaiita Custódia de Belém.

Sasa ukiikaribia. Ni ndogo kuliko ulivyofikiria, kama sentimita 73, inafika hapa mapajani ukiiweka chini. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, wadogo kama kidole gumba, nguo zao zimepakwa rangi, juu yao vinguzo vyembamba kama sindano. Zunguka taratibu uangalie kwenye kitako, kuna maandishi yanazunguka, na katikati ya maneno ya kumsifu mfalme utasoma Quiloa. Ndo Kilwa hiyo. Hawakuficha, waliandika wenyewe kwamba dhahabu ni ya ushuru wa Kilwa, walijivunia. Mara ya kwanza kuiona nilikaa pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia vibaya.

Watu wa Kilwa na Lindi, mkija niambieni mapema. Nataka niwe pembeni yenu siku hiyo.

Msiniulize kama watairudisha. Swali ni zuri, lakini mimi napanga safari tu.

Kutembea ni kwingi?

Ni kwingi na ni kwa kupanda. Lisbon wanasema ina vilima saba, mimi nimehesabu zaidi kwa magoti. Alafu ile njia ya miguu imetandikwa vijiwe vya chokaa vyeupe na vyeusi, vizuri kuangalia lakini vimesuguliwa na viatu vya miaka na miaka, vikilowa ni sabuni. Tulikuwa na mama mmoja alikuja na viatu vya ngozi vya harusi, soli laini, siku ya pili alishuka ngazi za Alfama kwa kukalia, tukampeleka kununua raba na akazivaa mpaka siku ya kurudi. Lete raba zenye meno na ulizokwisha kuzivaa, sio mpya.

Mwenye shida ya magoti au anayetumia fimbo aniandikie, siku za Alfama tunampandisha kwa gari mpaka juu ya ngome alafu anashuka polepole na mtu. Kile kigari cha kamba cha Glória msikiulizie, kilipata ajali mbaya Septemba 2025, watu 16 walikufa, hakimo kwenye ratiba.

Chakula je? Halali ipo?

Ipo. Maeneo ya Martim Moniz na mtaa wa Rua do Benformoso kuna Wabangladeshi wengi, hoteli za halali ziko mlango kwa mlango, biriani, kuku, chapati, mpaka mnasahau mko Ulaya. Usiku wa kundi tunaweka huko au samaki. Samaki hawa watu wanajua, dagaa wakubwa wa kuchoma kwenye makaa na chumvi ya mawe, pweza, na bacalhau, ile chewa kavu ya chumvi, ambayo mtu wa pwani aliyezoea papa mkavu ataielewa kwa harufu kabla hajaiona. Kuku wao wa piri-piri nao utamjua, neno lenyewe si geni, limetoka huku kwetu Afrika.

Cha kuangalia ni nguruwe, anajificha. Supu ya majani, caldo verde, inaonekana kama sukuma wiki lakini juu wanatupia vipande vya soseji ya nguruwe. Na keki na biskuti nyingine zina mafuta ya nguruwe, neno ni banha, kwa hivyo jifunze kuuliza "tem banha?", ina mafuta ya nguruwe? Zile keki maarufu za maziwa na mayai zilizoungua juu kidogo, wanazinyunyizia mdalasini, kule Belém kuna duka linaziuza tangu 1837, uliza hapohapo alafu ndo uamue.

Na hili niliumizwa nalo mimi mwenyewe. Safari yangu ya kwanza kabisa nimekaa mkahawani, kabla sijaagiza wakaniletea mkate, zeituni, jibini na pate ya samaki. Nikasema hawa watu wakarimu jamani, karibu kama ya kwetu. Nikala zote. Bili inakuja, kila kisahani kina bei yake! Ndo desturi ya huko, ukigusa umenunua, usipogusa wanaondoa bila kununa. Sasa wewe umejua.

Swala na Ijumaa?

Msikiti mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na waumini wengi ni watu waliotoka Msumbiji, utasikia majina ya kwenu. Ijumaa ratiba inasimama mchana. Kwa Septemba jua linazama karibu saa 2 kasorobo usiku, kwa hivyo Magharibi inachelewa, jipange. Wakatoliki Jumapili mna makanisa mpaka mchoke. Na ndugu zetu Waismaili, kituo chao cha Lisbon ni kikubwa, kimefunguliwa 1998, Aga Khan wa nne alifariki mjini hapohapo Februari 2025, wanaotaka kupita tuwasiliane tuombe nafasi mapema.

Kireno sijui hata neno. Itakuaje?

Unajua mengi, hujaambiwa tu. Kaa kwenye mesa, ndo meza. Bendera ni bandeira. Mto wako una fronha, foronya. Kasha ni caixa, nanasi ni ananás, na leso, hii leso tunayojifunga, ni lenço, kitambaa chao cha kichwani na mkononi. Gereza ndo inachekesha, ni igreja, yaani kanisa, sasa jiulize watu wetu waliona nini kwenye hizo ngome mpaka kanisa likawa jela.

Na kuna jioni moja bustani ya Estrela, wazee wanne wanacheza karata chini ya mti, wanapiga meza vilevile kama baraza ya kwetu. Nikasogea. Mmoja anatupa anasema copas, mwingine espadas. Kopa, shupaza! Nikawaonyesha kwa vidole, uru, pau, wakaangua kicheko, ouros, paus, wakanipisha kiti. Nilifungwa vibaya sana maana mchezo wao unaitwa sueca na sheria sikuzijua, lakini majina ya karata nilikuwa nayo yote tangu nikiwa mtoto.

Cha ziada jifunze obrigado ukiwa mwanamume, obrigada ukiwa mwanamke, asante. Na ukisikia oxalá, ile ni inshallah yetu imevaa koti.

Fado ni nini, na lazima niende?

Si lazima ila utajuta. Ni nyimbo zao za huzuni, za kuagana, mtu mmoja anaimba na magitaa mawili, taa zimepunguzwa. Mpenda taarab ataelewa bila tafsiri. UNESCO waliitambua 2011, na mama yao mkubwa ni Amália Rodrigues aliyefariki 1999, kila ukuta utamuona. Ila tofauti moja kubwa mno: kwenye taarab ukikunwa unanyanyuka na noti unaenda kumtunza mwimbaji, unarudi unacheza. Kule kaa. Wakianza kuimba hata kijiko hakigongi sahani, mhudumu mwenyewe anasimama. Safari moja dada yetu aliinuka na noti ya euro 10 juu, ukumbi mzima ukageuka, nikamvuta kanga. Makofi ni mwisho wa wimbo.

Wizi upo?

Wa mifukoni, ndiyo, wa kutumia nguvu ni nadra. Tramu namba 28, ile ya njano ya kwenye picha zote, ndo soko lao, watu wamebanana na kila mtu anaangalia dirishani. Begi mbele, simu ndani, pasipoti iache hotelini kwenye sefu na utembee na kopi. Sisi tunawapandisha namba 12, inazunguka hukohuko na ina nafasi zaidi. Dharura namba ni 112.

Pesa, laini, umeme?

Euro. Kadi inakubalika karibu kila mahali lakini uwe na euro 50 za sarafu na noti ndogo. M-Pesa usitegemee. Laini nunua hukohuko. Umeme ni tundu mbili za mviringo, chaja zetu za pini tatu haziingii, lete adapta, na lete mbili maana mtaibiana chumbani. Maji ya bomba yananyweka.

Saa kwenye ratiba ni za Kiswahili au za Kizungu?

Swali bora kabisa. Mwaka mmoja niliandika "basi saa 2 asubuhi", kijana mmoja aliyekulia London akaamka saa nane za usiku, akakaa mapokezi na begi lake. Sasa ratiba inaandikwa kwa saa 24, 08:00, basi. Na Septemba Lisbon iko nyuma yetu saa 2, ukipiga simu nyumbani baada ya chakula cha usiku unawaamsha watu.

Nguo gani?

Mchana joto la kawaida, usiku upepo wa bahari unauma, lete sweta moja. Makanisani funika mabega, wanaume kaptula fupi hapana.

Hiyo siku ya Lisbon ya Waafrika mnaonyesha nini?

Tunaanzia Largo de São Domingos, uwanja ambao Waafrika, hasa wa Guinea-Bissau, wanakutana mpaka leo, kina mama wanauza kola na mapilipili chini, wanaume wamesimama wanapiga soga kama Marikiti. Alafu tunakwenda mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, maana yake kisima cha watu weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel, huyohuyo wa dhahabu ya Kilwa, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu walikuwa wanaachwa tu majalalani na mji unanuka. Leo ni mtaa wa mikahawa. Watu wanakunywa kahawa.

Baada ya hapo hatuweki kitu kingine mchana huo. Tuliwahi kuweka manunuzi, tukaona haiendi.

Nikighairi?

Wiki 8 kabla unarudishiwa yote isipokuwa tulichokwishalipa hotelini. Baada ya hapo nusu. Ndani ya wiki 2 hakuna, ila unaweza kumpa mtu nafasi yako kama ana viza. Ukinyimwa viza tuonyeshe barua ya kunyimwa, tunakurudishia kila kitu ambacho hoteli haijameza.

Tunakutana lini kwanza?

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa 3 asubuhi, hii ni ya Kiswahili, kwenye lango la Fort Jesus. Tiketi ya kuingia kila mtu ajilipie. Tutaangalia vile vitu vilivyozolewa kutoka kwenye Santo António de Tanna, meli yao iliyozama hapo mbele ya ngome 1697, ndo mjue mnachokwenda kutafuta upande wa pili. Walioko mbali tutawapigia video. Mje na pasipoti niangalie tarehe, na mje mmevaa zile raba, tuone kama zinabana.